Ikiwa virusi sugu vya influenza ni dhaifu, ilikuwaje vikaenea dunia nzima bila kusukumwa na dawa?

MfamasiaMtarajiwa aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Ninasoma mwaka wa tatu wa famasia, na kwa sasa tuko kwenye dawa za virusi vya influenza. Katika mihadhara ya usugu tumefundishwa kwamba kila badiliko la jeni linalokisaidia kirusi kuikwepa dawa hukigharimu, kwa sababu dawa hulenga sehemu ambazo kirusi hakiwezi kuishi bila hizo, na sehemu hizo zikiguswa utendaji wake hupungua. Kutokana na hilo tunaambiwa kwamba virusi sugu hushamiri pale tu dawa inapotumika kwa wingi. Matumizi yakipungua, virusi vya kawaida, ambavyo huzaliana upesi na kuambukiza kwa urahisi zaidi, huvishinda, na usugu hufifia wenyewe.

Nimeshindwa kuoanisha maelezo hayo na yaliyotokea kwa oseltamiviri, dawa ya kumeza ya influenza. Badiliko la H275Y (asidi amino ya 275, histidini, kuwa tairosini) kwenye nyuraminidesi, protini ya kirusi inayolengwa na dawa hiyo, lilifahamika mapema, na majaribio ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa panya na fereti (mnyama mdogo wa jamii ya kicheche, ambaye huugua influenza kwa namna inayokaribiana na yetu) yalionyesha kuwa virusi vilivyolibeba vilihitaji dozi kubwa zaidi ili viweze kuambukiza. Hata hivyo, Januari 2008 Norway ilitoa taarifa kwamba takriban theluthi mbili ya virusi vyake vya H1N1 vya msimu (aina mojawapo ya influenza A) vilikuwa na badiliko hilo, ilhali dawa yenyewe ilikuwa ikitumika kwa nadra sana nchini humo. Japani, iliyotumia oseltamiviri kuliko nchi nyingine yoyote duniani, ilikuwa na virusi sugu vichache katika msimu huohuo. Kufikia msimu wa 2008–2009, karibu virusi vyote vya H1N1 vya msimu vilivyopimwa Marekani, Ulaya, Japani na kwingineko vilikuwa sugu.

Naomba kueleweshwa. Je, majaribio yale ya awali yalikosea? Na ikiwa kirusi sugu kinaweza kuenea pasipo kusukumwa na dawa, je, bado ni sahihi kusema kwamba dawa ikipumzishwa kwa muda itarudia uwezo wake wa kutibu?

SeliHai alijibu:

Ndugu MfamasiaMtarajiwa, majaribio yale hayakukosea. Yalifanywa kwa virusi vya miaka ya 1990, na kwa virusi hivyo matokeo yalikuwa ya kweli. Kilichobadilika kati ya hapo na 2007 ni kirusi chenyewe. Kanuni mliyofundishwa ina pengo moja kubwa: inazungumza kana kwamba gharama imo ndani ya badiliko la jeni, wakati gharama hiyo huamuliwa na kirusi kizima kilichobeba badiliko hilo, pamoja na mabadiliko mengine yote ambayo kilikwisha kuyapata.

Ili jambo hili lieleweke inafaa tuanze na kazi ya nyuraminidesi. Kirusi cha influenza kina protini mbili kwenye utando wake wa nje zinazoshughulika na kitu kilekile kimoja, yaani asidi ya sialiki iliyo juu ya seli zetu. Hemaglutinini huishika asidi hiyo ili kirusi kipate kuingia, na nyuraminidesi huikata ili virusi vipya vilivyozaliwa viachane na seli na kwenda kwingine. Ni kama nanga na kisu cha kukatia kamba yake: nanga ikiwa nzito na kisu kikiwa butu, chombo hakiondoki, nanga ikiwa nyepesi na kisu kikiwa kikali mno, chombo hakitulii. Nguvu ya kirusi inatokana na uwiano wa hizo mbili, na ndiyo maana huwezi kuitathmini nyuraminidesi peke yake bila kuuliza hemaglutinini iliyo nayo ikoje.

Sasa tuje kwenye dawa. Oseltamiviri hukaa palepale ambapo asidi ya sialiki ingekaa, lakini ina mkia wa kaboni usioelewana na maji ambao asidi ya sialiki haina. Ili mkia huo upate nafasi, asidi amino ya 276, ambayo ni glutamati, hulazimika kugeuka na kuacha kijishimo. Katika badiliko la H275Y, histidini ya jirani huondoka na mahali pake huingia tairosini, ambayo ni kubwa zaidi. Tairosini huibana glutamati isigeuke, kijishimo hakifunguki, na dawa hushindwa kukaa sawasawa. Asidi ya sialiki haihitaji kijishimo hicho, kwa hiyo kimeng'enya huendelea kukata kama kawaida au karibu na kawaida. Zanamiviri, dawa nyingine inayolenga nyuraminidesi, haina mkia wa aina hiyo, ndiyo sababu huendelea kufanya kazi dhidi ya virusi vya H275Y, wakati peramiviri, ya kundi hilohilo, hupungua nguvu pamoja na oseltamiviri. (Ukikuta maandishi ya zamani yanayotaja H274Y, ni badiliko hilohilo kwa hesabu ya nyuraminidesi ya N2.)

Kwa nini basi virusi vya zamani vilidhoofika? Mwaka 2010 Jesse Bloom, Lizhi Ian Gong na David Baltimore wa Caltech walichapisha jibu ambalo mimi naliona kuwa kazi nzuri kuliko zote katika suala hili. Walionyesha kwamba tatizo kuu la H275Y halikuwa kwenye ukataji. Lilikuwa kwenye idadi. Protini yenye tairosini haikujikunja vizuri, na nyuraminidesi iliyofika juu ya seli ikawa pungufu. Kisha walichunguza mabadiliko yaliyokuwa yamejilimbikiza katika virusi vya H1N1 tangu 1999, wakabaini kwamba baadhi yao, hasa R222Q na V234M, yaliongeza kiasi cha nyuraminidesi kinachofika juu. Kirusi kilichokwisha kuwa na akiba hiyo kilipopata H275Y kilipoteza sehemu ya akiba tu, na kikabaki na nyuraminidesi ya kutosha. Ukiingiza H275Y katika kirusi cha 1999 kinazorota; ukiiingiza katika kirusi hichohicho kilichoongezewa mabadiliko hayo mawili, kinakua vizuri.

Zingatia mpangilio wa matukio, kwa kuwa ndipo lilipo jibu la swali lako la kwanza. Mabadiliko hayo ya kuruhusu (R222Q na V234M) yalitangulia, na yalienea katika virusi ambavyo bado viliuawa na dawa vizuri kabisa. Hayakuwa na uhusiano wowote na oseltamiviri. Yalipokwisha kukaa, mlango ulikuwa wazi kwa H275Y, nayo hutokea mara kwa mara kwa bahati nasibu tu, kwa sababu polimerasi ya influenza, kimeng'enya kinachonakili jeni zake, hunakili RNA bila kuhakiki makosa yake. Upo pia ushahidi kwamba D344N, badiliko jingine la miaka hiyo, liliifanya nyuraminidesi iishike asidi ya sialiki kwa nguvu kupita kiasi, na kwamba H275Y iliirudisha karibu na uwiano unaofaa na hemaglutinini iliyokuwapo. Kwa maelezo hayo, katika ukoo wa A/Brisbane/59/2007, yaani ule wa H1N1 ya msimu uliokuwa ukizunguka wakati huo, badiliko la usugu huenda halikuwa mzigo hata kidogo. Ueneaji wake ulifuata njia za kawaida za influenza, na haukuwa na sababu ya kuanzia mahali panaponunuliwa dawa nyingi.

Ama kuhusu namna usugu huo ulivyotoweka, hapo pia kanuni ya darasani haisaidii. Aprili 2009 kilitokea kirusi kipya cha H1N1 kilichosababisha janga la dunia, nyuraminidesi yake ikitoka kwa nguruwe na ikiwa haina H275Y. Kirusi hicho kiliifuta kabisa H1N1 ya zamani katika mzunguko wa binadamu, na usugu ukaondoka pamoja na mwenye kuubeba. Virusi vya H275Y havikushindwa na ndugu zao walio sawa nao kasoro badiliko moja. Vilishindwa na kirusi kigeni ambacho watu wengi hawakuwa na kinga dhidi yake. Lau janga lile lisingetokea, sioni sababu ya kuamini kwamba H1N1 ya msimu ingerejea kutibika kwa oseltamiviri.

DaktariWaZamu alijibu:

Naafiki maelezo ya Ndugu SeliHai, ila naomba msomaji asiondoke na wazo kwamba msukumo wa dawa hauna maana. Katika jamii nzima unaweza kuwa na maana ndogo; katika mwili wa mgonjwa mmoja una maana kubwa sana. Mgonjwa aliyepandikizwa uboho, au anayetumia dawa za kushusha kinga, anaweza kutoa virusi kwa wiki nyingi mfululizo. Muda wote huo yuko kwenye oseltamiviri, na mwili wake hauwezi kuvimaliza virusi vilivyosalia. Katika hali hiyo H275Y hujitokeza mara nyingi, na kwa mgonjwa huyo swali la kama kirusi sugu kina uwezo kamili au kimepungukiwa kidogo halina faraja yoyote, kwa sababu hakuna kinga ya kukitumia udhaifu huo. Mwaka 2005 madaktari wa Vietnam waliripoti wagonjwa wawili wa H5N1 (influenza ya ndege) ambao virusi vyao vilipata badiliko hilohilo wakiwa katika matibabu ya oseltamiviri, na wote wawili walifariki. H5N1 ile haikuwa ikiambukiza kati ya mtu na mtu kwa urahisi, na bado iliua.

Niongeze jambo moja la wodini kuhusu msimu wa 2008–2009, kwa sababu wanafunzi wa leo hawaujui ugumu uliokuwapo. H1N1 ya msimu ilikuwa sugu kwa oseltamiviri lakini ikisikia amantadini na rimantadini, dawa za zamani zaidi za influenza. H3N2 ilikuwa kinyume chake kabisa. Kipimo cha haraka kilisema tu kwamba mgonjwa ana influenza ya aina A, hakikusema ni H1 au H3. Desemba 2008 kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani (CDC) kilitoa mwongozo wa muda kwamba, pale aina isipojulikana, itumike zanamiviri, au oseltamiviri ichanganywe na rimantadini. Zanamiviri ni ya kuvuta kwa mdomo kama unga, na haifai kwa mwenye pumu wala kwa mgonjwa aliyewekewa mpira wa kupumulia. Ya kuingizwa kwenye mshipa iliidhinishwa Ulaya mwaka 2019 tu. Kwa hiyo mtu anaposema kwamba dawa mbadala ilikuwapo, aulize ilikuwapo kwa mgonjwa gani.

Kwa mfamasia mtarajiwa kuna suala la dozi pia. Mtu aliyekaa na mgonjwa akipewa oseltamiviri ya kinga hupewa miligramu 75 mara moja kwa siku, wakati mgonjwa hupewa miligramu 75 mara mbili. Ikiwa huyo anayekingwa tayari ameambukizwa, anatibiwa kwa nusu ya dozi bila mtu kujua, na hayo ndiyo mazingira yanayokipendelea kirusi sugu. Akianza kuonyesha dalili, abadilishiwe mara moja kwenda dozi kamili ya matibabu, na sampuli ichukuliwe.

MfamasiaMtarajiwa aliandika:

Nawashukuru sana, Ndugu SeliHai na Daktari. Sasa naelewa kwa nini Norway na Japani hazikufuata matarajio yangu.

Naomba niendelee kidogo. Katika jedwali tulilopewa, usugu umepangwa kwa IC50, na nilikuwa nimechukulia kwamba namba kubwa inaashiria kirusi hatari zaidi. Je, uwezo wa kirusi kuzaliana na kuambukiza unapimwaje hasa? Na kuhusu baloksaviri, dawa mpya zaidi ambayo badiliko la usugu la I38T limekuwa likijitokeza kwa wagonjwa wengi wanaoitumia, je, kuna dalili kwamba yaliyotokea 2008 yatajirudia?

Mpimaji alijibu:

Nitajibu lile la vipimo, kwa kuwa ndiyo kazi yangu ya kila siku.

IC50 inaeleza habari za dawa. Habari za nguvu ya kirusi haizielezi. Tunaweka virusi kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo 96, pamoja na viwango vya dawa vinavyopanda hatua kwa hatua, kisha tunaongeza kemikali iitwayo MUNANA, ambayo nyuraminidesi huikata kana kwamba ni asidi ya sialiki. Ikikatwa hutoa mwanga wa samawati chini ya miali ya urujuanimno, na mashine huusoma mwanga huo kishimo kwa kishimo. Kiwango cha dawa kinachoushusha mwanga hadi nusu ndicho IC50. Kwa aina A, Shirika la Afya Duniani huhesabu ongezeko lisilofika mara 10 kuwa hali ya kawaida, kati ya mara 10 na 100 kuwa upungufu wa nguvu ya dawa, na zaidi ya mara 100 kuwa upungufu mkubwa. Kwa aina B mipaka ni mara 5 na mara 50. H275Y huipandisha IC50 ya oseltamiviri kwa mara mia kadhaa, iwe katika kirusi cha 1999 kilichozorota au katika kirusi cha 2008 kilichozunguka dunia. Sahani ile itakupa namba zinazokaribiana kwa virusi hivyo viwili, na haitakuonyesha kwamba kimoja kilibaki maabara na kingine kilifika kila bara.

Kupima ukuaji kwenye seli kunaongeza kitu, lakini si kingi. Seli za figo ya mbwa tunazozitumia, ziitwazo MDCK, hazina ute wa njia ya hewa, hazina kingamwili, wala hakuna umbali wa kuruka kutoka pua moja hadi nyingine. Tena zina tabia ya kutuzalishia mabadiliko ya uongo. Virusi vya H3N2 vikikuzwa humo mara nyingi hupata mabadiliko kwenye nafasi ya 151 ya nyuraminidesi, yanayovuruga kipimo cha IC50 na ambayo hayakuwamo katika pua ya mgonjwa. Kwa sababu hiyo, tukipata matokeo ya kushangaza hurudi kwenye sampuli ya awali na kusoma jeni zake kabla ya kutamka neno usugu.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni cha ushindani ndani ya fereti. Hutengenezwa virusi viwili vinavyofanana kwa kila herufi isipokuwa ile moja inayochunguzwa, kisha huchanganywa, mathalani nusu kwa nusu, na mchanganyiko huo huwekwa kwenye pua ya fereti mmoja. Kila siku pua huoshwa na maji hayo hupimwa ili kujua sehemu ya kila kirusi. Fereti wa pili asiye na maambukizi huwekwa naye kwenye kizimba kimoja, au kwenye kizimba cha jirani kinachopitisha hewa tu, na naye hufuatiliwa vivyo hivyo. Faida yake ni kwamba virusi vyote viwili vinapambana na kinga ya mnyama mmoja kwa saa zilezile, hivyo tofauti za mnyama mmoja na mwingine haziingii kwenye hesabu. Tofauti ndogo ambayo ingefichika ukimpa kila fereti kirusi chake huonekana waziwazi, kwa kuwa sehemu ya kirusi kinachoshindwa hupungua siku hadi siku, kutoka nusu hadi robo hadi kutoonekana kabisa.

MfuatiliajiWaMagonjwa alijibu:

Nianzie kwenye baloksaviri. Iliidhinishwa Japani Februari 2018 na Marekani Oktoba mwaka huohuo. Haigusi nyuraminidesi, hukizuia kimeng'enya kilicho kwenye protini ya PA, ambacho kirusi hukitumia kukata vichwa vya RNA za seli yetu na kuvifanya vianzio vya RNA zake. Katika jaribio kubwa la watu wazima na vijana lililojulikana kama CAPSTONE-1, mabadiliko kwenye nafasi ya 38 ya PA yalionekana kwa asilimia 9.7 ya waliopewa dawa na ambao virusi vyao vilisomwa kabla na baada ya tiba. Kwa watoto nchini Japani kiwango kilifika asilimia 23.4. Watoto wadogo hawajakutana na influenza mara nyingi, kinga yao haijazoea, na kirusi kinachosalia baada ya dozi hupata muda wa kuongezeka tena. Katika msimu wa 2018–2019 Japani iliona I38T hata kwa watu ambao hawakuwahi kuimeza dawa hiyo, maana yake kirusi sugu kilikuwa kimehama kutoka kwa mtu hadi mtu.

Watafiti walioongozwa na Yoshihiro Kawaoka walichukua virusi hivyo vya wagonjwa na kukuta kwamba vilizaliana na kuambukiza wanyama wa maabara karibu sawa na vile visivyo sugu. Kazi nyingine za ushindani zilionyesha upungufu wa wastani, kwamba kirusi cha kawaida hupata ushindi kidogo kidogo. Mimi sioni mgongano hapo. Upungufu mdogo hauonekani katika jaribio la mnyama mmoja mmoja, lakini ukirudiwa katika mizunguko mingi ya maambukizi unatosha kukitoa kirusi kwenye mashindano, na hilo linaafikiana na kilichotokea, kwa sababu katika misimu iliyofuata virusi vya I38T vimebaki chini ya asilimia 1 katika ufuatiliaji wa dunia.

Kuna sababu nyingine isiyohusiana na nguvu wala udhaifu, na nadhani haipewi uzito unaostahili. Anapoambukizwa mtu mwingine, virusi vinavyofanikiwa kuanzisha ukoo mpya ni vichache mno. Makadirio yaliyotokana na familia zilizofuatiliwa kwa kusoma jeni yanataja jenomu moja au mbili. Kwa hiyo, ikiwa pua ya mgonjwa aliyetibiwa ina asilimia 10 ya virusi sugu, mara nyingi kirusi kinachovuka ni cha kawaida, na usugu wote uliojengeka ndani ya mgonjwa yule unaishia kwake. Mara chache kinachovuka ni kile sugu, na mtu wa pili huanza akiwa na virusi sugu karibu vyote. Usugu unaojitokeza kwa wagonjwa na usugu unaosambaa katika jamii ni mambo mawili yenye hesabu tofauti, na asilimia 23.4 ya kliniki haikupi utabiri wa asilimia ya mwaka ujao mitaani.

Je, 2008 inaweza kujirudia? Kwa H275Y tulionywa mwaka 2011 huko Newcastle, Australia, ambako kundi la wagonjwa lilikutwa na virusi vya H1N1 vya ukoo wa 2009 vyenye badiliko hilo, na karibu wote hawakuwa wametumia oseltamiviri. Virusi hivyo vilikuwa na V241I na N369K, yanayofanya kazi ileile ya kuruhusu aliyoieleza SeliHai. Baadaye mabadiliko hayo mawili yalienea katika ukoo mzima wa H1N1 duniani, nasi tulitarajia H275Y ifuate. Sapporo ilipata kundi lake katika msimu wa 2013–2014. Lakini wimbi la dunia halikuja, na kiwango cha H275Y kimeendelea kuwa cha chini. Mabadiliko ya kuruhusu yanafungua mlango, ila hayakilazimishi kirusi kupita. Kwa mtazamo wangu, kilichoibeba H275Y mwaka 2008 ni kutokea ndani ya ukoo ambao tayari ulikuwa ukishinda kwa sababu nyingine, ikiwamo hemaglutinini iliyokuwa ikikwepa kinga ya watu.

SeliHai alijibu:

Hoja ya mwisho ya MfuatiliajiWaMagonjwa ni nzito, nami nakubaliana nayo. Nimalizie kwa mifano miwili inayohusu lile swali la kwanza la Ndugu MfamasiaMtarajiwa, kama dawa iliyopumzishwa hurudi kufanya kazi.

Wa kwanza ni favipiraviri, ambayo kwa muda mrefu ilisifiwa kwamba influenza haiwezi kuizoea. Mwaka 2018 kundi la Imperial College London lilipata kwenye maabara badiliko la K229R katika PB1, linalokifanya kirusi kisidhurike sana na dawa, lakini polimerasi yake ikawa nzito. Wakitazama zaidi, wakakuta badiliko la pili, P653L katika PA, yaani katika protini nyingine ya polimerasi hiyohiyo, nalo likairudishia kasi yake huku usugu ukibaki. Gharama ilikuwapo, na ililipwa kutoka sehemu nyingine. Baada ya malipo hayo, kuiondoa dawa hakumrudishi K229R nyuma, kwa kuwa hakuna tena udhaifu wa kumvuta. Hili ni tofauti na H275Y, ambako malipo yalitangulia deni, lakini mwisho wake ni mmoja.

Wa pili ni amantadini, na huu haukuhitaji maabara. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1966, nayo huziba mfereji wa M2 unaoingiza protoni ndani ya kirusi ili kipate kufunguka ndani ya seli. Badiliko la S31N, serini kuwa asparajini katika nafasi ya 31, huifanya dawa ikose pa kukaa, na katika wanyama halikuonyesha gharama ya maana. Tangu 2003 lilianza kuenea katika H3N2 barani Asia, na katika msimu wa 2005–2006 zaidi ya asilimia 90 ya H3N2 zilizopimwa Marekani zilikuwa nalo, hata CDC ikashauri Januari 2006 kwamba dawa za kundi hilo zisitumike. Uchunguzi wa jeni ulionyesha kwamba S31N ilisafiri pamoja na mabadiliko ya vipande vingine vya jenomu, hemaglutinini ikiwamo, yaliyokipa kirusi nafasi nzuri zaidi ya kuambukiza. Ni hadithi ileile ya H275Y, ikiwa imetangulia kwa miaka michache tu.

Tangu wakati huo madaktari wameacha kuiandika amantadini kwa influenza karibu kila mahali. H1N1 ya 2009 nayo ilikuja na S31N yake, iliyorithiwa katika kipande cha M kutoka kwa virusi vya nguruwe wa Ulaya na Asia. Leo hii karibu virusi vyote vya H3N2 na H1N1 vinavyozunguka kwa binadamu bado vina asparajini katika nafasi ya 31, ingawa hakuna dawa inayovisukuma. Kurudi kwenye serini kungehitaji kirusi kinachofanya kosa hilo la kunakili kipate pia faida fulani juu ya wenzake, na faida hiyo haipo. Kwa virusi vya H5N1 vya ndege hali inatofautiana kati ya ukoo na ukoo, kwa kuwa baadhi bado vina serini hapo. Kwa hivyo amantadini bado inaweza kujadiliwa, baada ya jeni ya M ya kirusi husika kusomwa na si kabla.